Mzee Mkaidi wa Kituo cha Tano

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeingia chuo kikuu. Kwa miguu yangu, mchana kweupe, bila cheti hata kimoja. Iandikwe.

Sababu ni koti. Mjukuu wangu anasoma shahada ya ukunga, mwaka wa tatu. Asubuhi katoka mbio, koti lake jeupe kaliacha kwenye kamba. Bibi akasema nimpelekee. Nikasema mimi si tarishi. Bibi akanitazama. Nikapeleka.

Shahada ya ukunga! Miaka minne! Mimi nimesukuma machela hospitali ya wazazi miaka ishirini na nane, kutoka mlangoni mpaka chumba cha kujifungulia. Nilikuwa najua kwa kusikiliza pumzi tu yupi atafika na yupi atanizalia kwenye lifti. Wawili walinizalia kwenye lifti. Sikupewa shahada. Nilipewa ndoo na tambara.

Haya. Getini nikaona tangazo: chuo kinatafuta mzee. Mwanamume, miaka sitini na mitano kwenda juu, wa kuigiza kwenye mtihani wa vitendo wa wakunga. Nikamuuliza karani wa dirishani. Akaeleza kwamba mtihani una vituo kumi, kila kimoja dakika nane, kengele ikilia mwanafunzi anahama. Vituo vingine vina mwanasesere wa mpira, vingine vina mtu mzima mzima. Kituo cha tano anakaa mzee mkaidi anayekataa mke wa mwanawe apelekwe hospitali kujifungua. Kazi ya mwanafunzi ni kumshawishi.

Kituo cha tano! Ndicho kilichomwangusha mjukuu wangu muhula uliopita. Akianguka tena Alhamisi hii, anarudia mwaka mzima. Wenzake wavae majoho, yeye abaki anafua koti. Alipoletewa matokeo yale bibi alilia siku mbili. Mimi nililia kidogo. Bafuni.

Nikamwambia karani mzee amepatikana, usaili niandikie mimi. Akanipa fomu. Swali la nne: je, una undugu na mtahiniwa yeyote? Nikaandika: Binadamu wote ni ndugu. Nikatia sahihi yenye mkia mrefu.

Nyumbani sikusema kitu.

Jumanne, 4 Juni

Shemeji kaja. Huyu ni kaka yake bibi, mwalimu mstaafu, mtu anayekunywa chai kama anasahihisha. Kumbe naye kaliona lile tangazo! Anataka kwenda kwenye usaili kesho. Anasema yeye ndiye aliyekuwa akisimamia michezo ya kuigiza shuleni, na kwamba jukwaa lina nidhamu yake, si kila aliyeacha shule darasa la sita anaweza kupanda.

Aliyekusudiwa ni mimi. Nikamjibu kwamba darasa la sita niliacha mimi, lenyewe lilikuwa bado linanitaka.

Akauliza kama najua usaili ni saa ngapi. Nikasema nimesikia saa nane mchana. Ni saa nne asubuhi. Shemeji ni wa kutaniwa, hiyo haina hukumu.

Mchana mjukuu alifanya mazoezi. Amepungukiwa na wajawazito, kwa hiyo kanilaza mimi kwenye kochi, kanipima kitambi kwa futi kamba. Sentimita thelathini na mbili. Kwa hesabu zao, hiyo ni mimba ya wiki thelathini na mbili. Akanipapasa kutafuta kichwa cha mtoto kimelala upande gani. Shemeji akasema kwa ukubwa ule ni pacha. Bibi alicheka hadi akakaa chini. Ndani ya nyumba yangu!

Kisha mjukuu akafanya mazoezi ya kituo cha tano. Kwa kulihutubia friji. Nikamuuliza kwa nini friji na mzee mzima nipo. Akasema, "Babu, wewe huigizi. Wewe unabisha kweli."

Nilisikiliza kutoka mlangoni. Sasa najua alivyoanguka. Anaanza na asilimia. Anafuatisha vifo kwa kila laki. Hapumui, hamwachi mtu apumue. Mzee wa muhula uliopita alisinzia kabisa, wakamgutua kengele ilipolia, na mjukuu akaambulia alama nne kati ya ishirini.

Friji nalo liliunguruma katikati likazima.

Jumatano, 5 Juni

Usaili. Nimeshinda. Sikuwa na mpinzani, lakini ushindi ni ushindi.

Msaili ndiye mhadhiri mkuu wa ukunga. Wanafunzi wanamwita Mama Nusu, kwa sababu ukikosea kunawa mikono anakata nusu alama, ukinawa vizuri lakini ukasahau kukausha anakata nusu nyingine. Nywele nyeupe tupu, miwani imening'inia kwenye mnyororo. Aliniambia nijifanye mzee mkaidi, yeye atajifanya mkunga. Tukaanza.

Nilikataa robo saa nzima. Alinieleza dalili za hatari, nikamwambia mama yangu alinizaa shambani akamalizia tuta lake. Akanieleza habari ya usafiri, nikamwambia gari linatikisa mtoto. Mwishowe akavua miwani, akanywa maji, akamwambia karani, huyu huyu.

Nikapewa karatasi ya mhusika. Imeandikwa kwamba nisikubali mpaka mwanafunzi awe amesalimia, amejitambulisha, ameuliza hofu yangu, ameeleza dalili za hatari na amepanga usafiri. Na kwamba wanafunzi wote niwatendee sawa. Mama Nusu alilirudia hilo mara mbili huku ananitazama kwa juu ya miwani. Nikasema naam. Naam ni neno tu.

Mpango wangu una sehemu mbili.

Ya kwanza: mjukuu akiingia, nakubali papo hapo. Kamaliza, kafaulu, aende zake nyumbani akapumzike.

Ya pili: Profesa. Huyu si profesa wa kweli, ni mwanafunzi mwenzake, bingwa wa darasa, kijana mwenye kalamu nne mfukoni. Mwezi uliopita alikuja hapa kudurusu na mjukuu, akaikuta mezani barua niliyowaandikia watu wa maji. Akaisahihisha. Kwa wino mwekundu! Makosa kumi na moja! Ilivyokuwa imetapakaa, ungedhani barua ina surua. Halafu akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu. Adabu ndiyo iliyoniuma zaidi.

Profesa nitamkaanga dakika zote nane.

Shemeji alifika chuoni saa nane kamili na tai shingoni, akakuta dirisha limefungwa. Akaja moja kwa moja kwa dada yake kunishtaki. Bibi akaniita jikoni, akanisihi niache kwenda, na kama lazima niende basi nisiuguse mtihani wa mtoto. Nikasema siugusi. Nilimaanisha kwa mikono.

Alhamisi, 6 Juni

Siku yenyewe.

Kituo cha tano ni chumba kidogo kilichokatwa kwa pazia la kijani. Viti viwili, meza, saa ya ukutani. Mama Nusu pembe moja na karatasi zake za alama. Pembe nyingine mtahini wa pili, bwana mmoja kimya kama kabati. Mimi katikati, kofia kichwani, fimbo ya kuazima. Nilijiona mkubwa, sitaficha.

Wa kwanza mpaka wa nane niliwatendea sawa. Mmoja alisahau jina lake mwenyewe. Nikamngojea.

Wa tisa, Profesa. Kanitambua, kasita, kasalimia. Basi nikafungua moto. Nikamuuliza kama amewahi kuzaa. Nikamuuliza kwa nini hospitali vitanda vina magurudumu kama si kwa ajili ya kukimbia na watu. Nikamwambia sipendi mikono yake, baridi. Akauliza naogopa nini. Nikasema namwogopa yeye. Akaweka kalamu chini akasema pole mzee, tuzungumze pole pole. Nikamzungusha! Akaeleza dalili za hatari, nikamwambia arudie, akarudia vizuri zaidi. Akapanga gari, nikasema gari lina pancha, akapanga la pili. Jasho lilimtoka hadi kalamu moja ikavuja mfukoni. Zikiwa zimebaki sekunde kumi ndipo nikasema haya, aende. Akatoka anapepesuka.

Nikafurahi kuliko siku ya arusi yangu. Bibi asisome hapa.

Wa kumi na nne ni mjukuu. Hakujua kama ni mimi. Kavuta pazia, kaniona, rangi ikamtoka. Akanawa mikono, akakausha. Akasema, "Shikamoo, mzee."

Nikasema, "Marahaba. Nimekubali. Apelekwe hospitali hata sasa hivi."

Sekunde nne! Hakuna mkunga duniani aliyemshawishi mzee kwa sekunde nne. Nikamkonyeza.

Kalamu ya Mama Nusu ilibaki hewani. Mtahini wa pili aligeuza kichwa, mara ya kwanza tangu asubuhi. Mjukuu alisimama pale, mdomo wazi, kama mtu aliyebisha hodi nyumba ikaanguka. Mama Nusu akamkumbusha kwa sauti ya chini kwamba ana dakika saba na nusu.

Nikamwashiria kwa fimbo: nenda, mwanangu, umemaliza.

Hakwenda. Alivuta kiti akakaa, magoti yake yakakaribia yangu.

"Mzee, umekubali haraka mno," akasema. "Mtu akinikubalia kabla sijasema kitu, najua uchungu ukianza atamfungia ndani. Unaogopa nini?"

Nikasema siogopi kitu. Akasema sawa. Halafu akanyamaza.

Akanyamaza! Huyu anayelihutubia friji! Hakutaja asilimia hata moja. Alinitazama tu na kungoja, na saa ya ukutani ikagonga, na mimi, sijui nini kilinipata, karatasi ya mhusika ikanitoka kichwani yote.

Nikamwambia habari ya lifti. Yule wa kwanza alizaa salama, mtoto akalia, tukacheka. Wa pili lifti ilikwama katikati ya ghorofa. Mimi peke yangu na yeye na machela. Nilipiga mlango kwa ngumi mpaka mkono ukavimba. Walipofungua, mtoto alikuwa hai. Mama hakuwa.

Sijawahi kumwambia mtu. Bibi anajua mkono ulivimba, hajui kwa nini.

Mjukuu hakuandika kitu. Akasema, "Pole, babu. Basi tupange asikwame."

Akanipangia. Chumba cha chini, kisichohitaji lifti. Gari liwekwe tayari wiki mbili kabla, siyo siku ya uchungu. Akataja dalili za hatari moja moja, akanitaka nizirudie: damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso kuvimba, degedege. Nikazirudia kama mtoto wa chekechea. Akauliza sasa nasemaje. Nikasema aende. Kengele ikalia.

Chumba kile kina vumbi jingi. Nimewashauri wakifagie.

Ijumaa, 7 Juni

Matokeo yamebandikwa saa tatu. Nilikuwa pale saa mbili na nusu.

Namba tisa, kituo cha tano: alama kumi na tisa na nusu kati ya ishirini. Profesa! Namba kumi na nne: kumi na nne na nusu.

Nikadhani wamepindua karatasi. Nikamwendea karani nikamwambia kuna makosa, yule namba kumi na nne ni damu yangu, nilimkubalia kwa sekunde nne mwenyewe, na yule namba tisa nilimbana kisawasawa.

Mama Nusu alikuwa nyuma yangu. Yule mama anatembea kama paka.

Ofisini kwake kuna mfano wa nyonga wa plastiki unaoshikilia karatasi zisipeperuke. Alitoa ile fomu yangu akasoma swali la nne kwa sauti. Kisha akanieleza. Kumbe mzee hatoi alama! Alama ni za hatua. Mwanafunzi anapewa kwa anachouliza, anachoeleza, anavyotulia. Kila nilipombana Profesa nilimpa nafasi ya kuonyesha kitu kingine. Nilimvuta kimoja kimoja mpaka kikapu chake kikajaa. Na mjukuu nilimfunikia kikapu kabla hajatia mkono. Hakupata hata nafasi ya kutaja jina lake. Kujitambulisha, sifuri. Kueleza amekuja kwa ajili ya mjamzito yupi, sifuri. Kilichobaki alikipata mwenyewe, kwa kung'ang'ana.

Halafu Mama Nusu akavua miwani.

"Mzee," akasema, "kama huu ndio upendeleo wako, nakuomba usimpendelee mtu mwingine."

Nikamwambia alama ya kufaulu ni kumi na mbili, kafaulu, mambo yameisha. Akasema hayajaisha. Undugu uliofichwa kwenye mtihani unaweza kufuta matokeo. Kamati itakaa Jumatatu, itasikiliza watahini wote wawili.

Kufuta! Yaani mwaka mzima bado uko mezani, na aliyeuweka, kwa maoni yao, ni mimi.

Nimetoka kichwa juu. Mlango nimeusukuma, kumbe unavutwa.

Jumamosi, 8 Juni

Nyumba baridi. Bibi kanipa chai bila kusema karibu. Shemeji kaja mapema kuliko kawaida yake, kakaa kiti cha mbele, anatikisa kichwa kwa raha zake. Anasema yeye angepewa nafasi ile angeandika ukweli kwenye fomu. Nikamwambia yeye angeandika ukweli na kumsinzisha mtahini. Bibi akatufukuza wote wawili uani. Tulikaa huko kama kuku waliolowa, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mjukuu hajasema nami tangu jana. Amefua koti lake mara mbili. Jioni nilimkuta anapiga pasi, nikamwambia asiwe na wasiwasi, babu yake nimewahi kukabili matroni wakali kuliko kamati yoyote.

Akaweka pasi chini. "Babu, ningefaulu mwenyewe."

Nikasema amefaulu mwenyewe. Kwa msaada wangu.

Akatoka chumbani. Pasi akaiacha inawaka. Nikaizima mimi. Hayo hayaandikwi kwenye kamati yoyote.

Jumatatu, 10 Juni

Kamati imekaa. Nilizuiwa kuingia, nikangoja nje kwenye benchi. Walimhoji mjukuu. Walimhoji mtahini wa pili, yule kabati, na kumbe kabati lina sauti. Mjukuu kanisimulia baadaye, kwa maneno machache, huku anaangalia ukuta: yule bwana alisema alijaza alama zake peke yake bila kujua mimi ni nani, zikalingana na za Mama Nusu mpaka nusu ya mwisho. Akasema kama mzee alimsaidia mtahiniwa, basi yeye hajapata kuona msaada unaomwondolea mtahiniwa alama namna ile. Akasema katika miaka yake yote ya kutahini hajaona mwanafunzi akimshawishi upya mtu aliyekwisha kukubali.

Matokeo yamebaki. Kafaulu! Anaingia mwaka wa nne.

Bibi akapiga kigelegele kimoja, kifupi, akarudi jikoni. Mjukuu akanishika bega alipopita. Bega bado lina joto.

Nami nimeletewa barua ya chuo, ina muhuri. Inasema kuanzia leo nisikanyage eneo lolote la mtihani. Jina langu limeandikwa kamili, halina kosa hata moja. Nimeibandika sebuleni, juu ya televisheni. Shemeji ana vyeti sita lakini hajawahi kuandikiwa na kamati nzima.

Jumanne, 11 Juni

Nimelala vizuri, nimefikiri vizuri. Ukitazama sana utaona kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga. Ningekataa kama wengine, mjukuu angemhutubia mzee mpaka asinzie, basi. Nilikubali haraka makusudi ili aamke. Nimemweleza bibi hivyo. Alikuwa anakata vitunguu, akazidi kukata kwa nguvu.

Sasa mwaka wa nne una jambo lake. Mjukuu anatakiwa azalishe akina mama arobaini kwa mikono yake, mbele ya mkunga mkuu, kila mmoja aandikwe kitabuni na kutiwa sahihi. Arobaini! Wenzake wanagombania zamu kliniki. Yeye ametulia tu, anasema watapatikana.

Watapatikanaje bila mtu wa kuwatafuta? Nimechukua daftari nikapita mtaa mzima, jicho langu la machela halijafifia. Nina orodha ya kumi na mmoja. Namba moja, mke wa fundi cherehani. Nilimwendea mchana huu pale kibandani kwa mumewe, nikampa hongera, nikamuuliza wiki ya ngapi. Alipokawia kujibu nikatoa futi kamba nimsaidie.

Si mjamzito.

Fundi ana mkasi mkubwa kuliko nilivyokumbuka, na anakimbia. Naandika haya nyuma ya tangi la maji la jirani. Nimepoteza kofia. Futi kamba ninayo.

Sijali. Namba mbili ni Mama Nusu. Siku ile ofisini niliona alivyojishika kiuno alipoinuka kitini. Nywele nyeupe hazinidanganyi, miaka ishirini na nane siyo mchezo. Barua inasema nisikanyage eneo la mtihani. Nyumbani kwake haikutaja.

Kesho asubuhi naenda.